Kumtunza paka mwenye kisukari nyumbani: insulini, chakula na vipimo

Daktari wa mifugo hugundua ugonjwa, huchagua insulini na kupanga dozi ya kuanzia. Baada ya hapo kazi ni ya mwenye paka: sindano mbili kwa siku, kila siku, jikoni au sebuleni. Kuchoma sindano hujifunzwa upesi, pengine kwa siku tatu nne. Mambo huharibiwa na papara. Mtu huongeza dozi kwa sababu namba ya jana usiku ilikuwa kubwa, hubadilisha chakula na insulini ndani ya wiki moja, au hurudia sindano aliyohisi imemwagika kwenye manyoya.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Sukari ikikaa juu, paka huumia taratibu, kwa wiki na miezi. Ikishuka mno, anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo ukiwa na shaka yoyote kuhusu sindano, ni afadhali insulini ipungue kuliko izidi.

Kinachotokea mwilini

Kisukari cha paka walio wengi hufanana na aina ya 2 ya binadamu. Kongosho bado linatoa insulini, lakini haitoshi, na mwili nao hauiitikii vizuri. Sukari ikibaki juu kwa muda mrefu huzidi kulemaza zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na hapo tatizo hujilisha lenyewe. Ndiyo sababu matibabu ya mapema yana faida ya pekee kwa paka: kongosho likipumzishwa kabla halijachoka kabisa, wakati mwingine huamka tena. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa, waliovuka umri wa miaka saba hivi, wanaoshinda ndani bila kukimbia, na waliotumia dawa za steroidi. Hizo za mwisho husahaulika. Kuna sindano za mzio na muwasho ambazo nguvu yake hudumu mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtajie daktari kila dawa aliyowahi kupewa.

Figo za paka hurudisha sukari kwenye damu mpaka inapofika takriban 14 hadi 16 mmol/L. Ikizidi hapo humwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Basi paka hukojoa sana, madonge ya mchanga kwenye trei yanakuwa makubwa, anamaliza bakuli la maji, anakula kwa pupa na bado anakonda. Wengine huanza kukanyagia visigino vya miguu ya nyuma badala ya vidole, kwa sababu neva zimeathirika. Kama huna uhakika kuhusu maji, yapime: jaza bakuli kwa kikombe chenye alama za mililita, na baada ya saa 24 pima yaliyobaki. Paka wa kilo 4 anayekunywa zaidi ya mililita 400 kwa siku anastahili kupelekwa kupimwa.

Kipimo kimoja cha damu kliniki hakitoshi kumwita paka mgonjwa wa kisukari. Paka aliyetishwa na safari na mbwa wa chumba cha kusubiri hupandisha sukari kwa woga tu. Daktari makini hutafuta sukari kwenye mkojo pia, au hupima fruktosamini, ambayo huonyesha hali ya wiki chache zilizopita na haibabaishwi na woga wa siku moja.

Neno kuhusu vipimo: glukomita, yaani vifaa vya kupimia sukari ya damu, nyingine husoma mmol/L na nyingine mg/dL. Namba ya mmol/L ukiizidisha kwa 18 unapata mg/dL. Hapa tunatumia mmol/L.

Insulini na bomba lake

Hapa ndipo makosa makubwa zaidi hutokea, na hutokea kimya kimya. Insulini huuzwa kwa nguvu tofauti. Caninsulin (Marekani huitwa Vetsulin) na ProZinc zina yuniti 40 katika kila mililita. Glajini, kama Lantus, ina yuniti 100. Kila nguvu ina bomba lake la sindano, lililoandikwa U-40 au U-100. Kwa kawaida kofia ya U-40 ni nyekundu na ya U-100 ni ya rangi ya machungwa, lakini usome maandishi, usiamini rangi.

Ukivuta Lantus kwa bomba la U-40 hadi alama ya 1, umevuta mililita 0.025, nazo ni yuniti 2.5. Paka amepata dozi mara mbili na nusu. Ukifanya kinyume chake, Caninsulin kwa bomba la U-100 hadi alama ya 1, umempa yuniti 0.4 tu. Kosa hili la pili lina mtego wake: sukari haishuki, dozi inapandishwa mara kadhaa, kisha siku moja duka linakupa mabomba sahihi na paka anapata ghafla dozi yote iliyoandikwa. Kila unaponunua boksi jipya, soma upya kichupa na bomba, hata kama umefanya hivyo mara hamsini.

Kwa insulini ya yuniti 100 tafuta mabomba ya mililita 0.3 yenye alama za nusu yuniti. Kwenye bomba la mililita 1, tofauti ya yuniti 1 na 1.5 ni unywele tu.

Insulini hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kwenye rafu ya katikati. Mlangoni hutikiswa na kupata joto kila friji inapofunguliwa, na karibu na sehemu ya barafu inaweza kuganda. Iliyoganda hutupwa hata ikiwa imeyeyuka na inaonekana nzima, kwani nguvu yake haitabiriki tena. Caninsulin hutikiswa vizuri mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. ProZinc hubiringishwa taratibu kati ya viganja. Lantus ni angavu kama maji na haitikiswi wala haichanganywi na kitu. Ikiwa na ukungu, itupe. Andika tarehe ya kufungua kwenye kichupa. Watengenezaji huweka siku 42 kwa Caninsulin na 28 kwa Lantus baada ya kufunguliwa. Wapo madaktari wa mifugo wanaoruhusu Lantus ya kwenye friji itumike zaidi ya hapo, ila uamuzi huo ni wao.

Kuchoma

Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni yuniti 0.25 hadi 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Kwa paka wengi hiyo ni yuniti 1, na ni nadra daktari kuanzia juu ya 2. Chagua saa mbili unazoweza kuzishika hata siku za mapumziko, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 usiku.

Mwekee chakula kwanza uone kama anakula. Anapokula, vuta insulini: geuza kichupa juu chini, vuta kupita kidogo alama unayotaka, gonga bomba kwa kucha ili mapovu yapande, yarudishe kichupani, kisha simama kwenye alama. Povu dogo chini ya ngozi halimdhuru paka, ila linakaa mahali pa insulini, na kwenye dozi ya yuniti 1 nafasi hiyo ni kubwa.

Mahali pa kuchoma ni ubavuni, nyuma ya bega hadi karibu na paja. Wengi hufundishwa ngozi ya ukosi kwa sababu ni rahisi kuishika, lakini huko damu hupita kidogo na insulini inaweza kufyonzwa leo haraka na kesho polepole. Badilisha upande kila mara: asubuhi kushoto, jioni kulia, na sogea sentimita moja au mbili kila siku ili ngozi isiwe ngumu.

Inua ngozi kwa kidole gumba na cha shahada ifanye kama hema dogo. Ingiza sindano chini ya hema hilo, sambamba na mwili, tundu la ncha likitazama juu. Sukuma kwa mwendo mmoja, hesabu moja hadi tatu, toa. Sindano hizi ni nyembamba sana, na paka wengi huendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayeruka huenda amechomwa kwa sindano iliyotumika jana, ambayo ncha yake tayari imepinda. Sindano ni ya mara moja. Hakuna haja ya spiriti. Harufu yake humkera, na ukichoma kabla haijakauka humwasha.

Kosa la wanaoanza ni kutoboa hema upande huu na kutokea upande wa pili. Pitisha kidole papo hapo: manyoya yakiwa mabichi na yana harufu kama ya dawa ya hospitali, insulini imemwagika. Usirudie. Hujui ni kiasi gani kimeingia. Andika kwenye daftari na usubiri zamu ijayo. Kukosa dozi moja kutampandisha sukari kwa nusu siku, basi. Kumpa mara mbili kunaweza kumpeleka kwenye degedege.

Kwa sababu hiyo hiyo, nyumba yenye watu wawili wanaochoma iwe na karatasi mlangoni mwa friji. Anayechoma anatia alama kabla hajarudisha kichupa. "Nilidhani hujamchoma" ni chanzo cha dharura inayoepukika.

Ukichelewa saa moja au mbili, mchome, kisha urudi kwenye saa zako taratibu, ukisogeza nusu saa kila mara. Ukichelewa zaidi ya hapo, iache hiyo na uchome zamu ijayo kama kawaida.

Akila nusu tu ya chakula chake, wengi huagizwa kumpa nusu dozi. Muulize daktari wako mapema jibu lake ni lipi, ulibandike kwenye karatasi ile ile. Asipokula kabisa, au akitapika, usimchome kabla ya kupima sukari na kuzungumza na daktari. Usimwache pia siku nzima bila kula ukisubiri hamu irudi. Paka asiyekula, hasa mnene, hujaza mafuta kwenye ini, na mwenye kisukari hutengeneza ketoni, mabaki ya mafuta yanayotia damu asidi.

Chakula

Paka ni mla nyama. Mwili wake hauna kazi kubwa na wanga, na hapa chakula kina nguvu karibu sawa na dawa. Lenga chakula ambacho wanga wake haupiti asilimia 12 ya kalori. Chakula cha kopo mara nyingi hufika hapo. Chakula kikavu ni nadra, kwa kuwa punje haziwezi kushikana bila wanga.

Lebo haiandiki wanga, lakini unaweza kuupata. Chukua 100, toa asilimia za protini, mafuta, nyuzi, maji na majivu. Mfano wa kopo: protini 11, mafuta 6, nyuzi 1, majivu 2, maji 78. Jumla ni 98, kwa hiyo wanga ni 2. Sasa tafuta kalori: protini na wanga zidisha kwa 3.5, mafuta kwa 8.5. Unapata 38.5, 7 na 51, jumla 96.5. Wanga ni 7 katika 96.5, yaani asilimia 7 hivi. Kopo hilo linafaa. Mfano wa punje: protini 32, mafuta 14, nyuzi 4, majivu 7, maji 8. Wanga ni 35. Kalori ni 112, 122.5 na 119, jumla 353.5, na wanga unachukua karibu asilimia 35. Kama lebo haina majivu, weka 2 kwa kopo na 7 kwa punje; makadirio hayo yanatosha kwa kazi hii.

Onyo hapa ni kubwa: paka ambaye tayari anachomwa insulini asibadilishiwe chakula kwenda cha wanga mdogo bila daktari kujua. Mahitaji ya insulini yanaweza kuporomoka ndani ya siku chache, na dozi iliyokuwa sawa Jumatatu ikawa sumu Ijumaa. Badilisha polepole, kwa siku 7 hadi 10, ukipima sukari kila siku kabla ya sindano. Kama huna glukomita bado, ahirisha.

Mnene apunguzwe kama asilimia 1 ya uzito kwa wiki. Kwa paka wa kilo 6 hiyo ni gramu 60, kiasi ambacho mizani ya bafuni haioni. Tumia mizani ya watoto wachanga. Aliyekonda naye aachwe ale mpaka uzito urudi. Akiwa na ugonjwa wa figo, protini nyingi inaweza kutomfaa, na hapo chakula huchaguliwa na daktari kwa kupima lipi lina hatari zaidi.

Milo miwili pamoja na sindano ni rahisi kwa mwenye nyumba, ila wanaopenda kudokoa mara nyingi wanaweza kuachwa wadokoe, mradi kiasi cha siku kisibadilike. Vitafunio viwe nyama tupu.

Kupima sukari sikioni

Damu hutoka pembezoni mwa sikio, kati ya ukingo na mshipa unaoonekana ukimulika kwa tochi. Usiulenge mshipa wenyewe. Milimita moja pembeni yake inatosha. Sikio baridi halitoi damu, na hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza. Tia mchele mkavu ndani ya soksi, upashe moto kidogo, ujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, kisha ushikize sikioni kwa nusu dakika. Lipake sikio tabaka jembamba la mafuta ya mgando ili damu isimame kama shanga badala ya kusambaa kwenye manyoya. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio ili usijitoboe kidole, toboa, na ulete kibanzi cha glukomita kwenye tone. Chenyewe kitaivuta damu. Kisha bana kwa pamba nusu dakika nzima, la sivyo sikio litavilia damu. Mpe kipande cha nyama kila unapomaliza, hata ukishindwa kupata damu. Baada ya wiki mbili wapo wanaokuja wenyewe wakisikia kifuko kikifunguliwa.

Sikio likikataa, jaribu nyama laini ya unyayo wa mbele.

Glukomita ya binadamu hutumika, lakini kwa kawaida husoma chini kuliko hali halisi, kwa kuwa kwa paka sukari hugawanyika tofauti kati ya chembe nyekundu na majimaji ya damu. AlphaTRAK imetengenezwa kwa wanyama, ila lazima uiwekee paka (kwenye AlphaTRAK 2 ni msimbo ulioandikwa kwenye kichupa cha vibanzi); ukiweka mbwa namba zitapotoka. Tumia kifaa kimoja siku zote na umwambie daktari ni kipi.

Kila siku pima kabla ya sindano. Mara kwa mara, na siku 7 hivi baada ya kila badiliko la dozi, fanya kipimo cha siku nzima: kila saa 2 kwa saa 12, na kila saa moja ikishuka chini ya 8. Tuseme namba za kila saa 2 ni hizi: saa 1 asubuhi 19.4, saa 3 asubuhi 15.8, saa 5 asubuhi 10.6, saa 7 mchana 7.1, saa 9 alasiri 8.9, saa 11 jioni 13.7, saa 1 usiku 18.2. Asiyezoea huona 19 na 18 na kutaka kuongeza insulini. Lakini namba ya kuangalia ni ya chini kabisa. Inayotakiwa ni kati ya 4.5 na 8, na hapa imefika 7.1. Dozi inatosha, kinachokosekana ni muda, maana insulini inaisha mapema. Ukiongeza dozi, zile namba za pembeni zitashuka kidogo na ile ya katikati itaingia kwenye hatari. Hapo daktari hufikiria kubadilisha aina ya insulini au chakula.

Dozi hupandishwa na daktari, kwa kawaida kwa nusu yuniti, mara chache 1, na si kabla ya siku 5 hadi 7 kwenye dozi moja. Kushusha hakusubiri: ukiona chini ya 3.5 wakati wowote, mpe chakula na umpigie daktari kabla ya sindano ijayo.

Kuna pia kihisi cha FreeStyle Libre, kinachobandikwa kwenye ngozi iliyonyolewa na kusoma kwa hadi siku 14, ingawa kwa paka wengi hubanduka mapema. Husoma majimaji ya chini ya ngozi, kwa hiyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Kikionyesha namba ya chini, hakikisha kwa tone la sikio.

Vibanzi vya mkojo visitumike kupandishia insulini. Vina faida moja: mkojo usio na sukari kabisa siku kadhaa mfululizo humaanisha ama dozi imezidi, ama paka anapona. Vyote viwili vinadai upime damu leo.

Sukari ikishuka

Dalili huanza kwa njaa ya ghafla, kutotulia au kujificha. Hufuata kuyumba, mboni kutanuka, kutetemeka, kisha degedege na kuzimia. Kama hakuna glukomita karibu na paka anayumba saa kadhaa baada ya sindano, chukulia kuwa sukari imeshuka.

Anaweza kula? Mpe chakula sasa hivi, hata punje za wanga, leo zinasaidia. Hataki au anayumba sana? Mpake asali au glukosi iliyokorogwa na maji kidogo kwenye ufizi, kijiko kimoja cha chai, kidogo kidogo. Akiwa kwenye degedege, usitie kidole kati ya meno na usimmiminie kitu kinywani, atasongwa. Mpake kwenye ufizi kwa nje ya meno na umkimbize kliniki huku unaendelea kupaka. Akizinduka, mlishe. Sukari ya asali huisha haraka na insulini bado iko kazini kwa saa nyingi, kwa hiyo wanaomwacha baada ya kumwona amesimama humkuta chini tena. Pima kila robo saa mpaka namba itulie, kisha kila saa. Hata akionekana mzima, daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Ketoni

Mwili usioweza kutumia sukari huchoma mafuta, na mabaki yake, ketoni, huigeuza damu kuwa na asidi. Paka huacha kula, hutapika, hulegea, hukauka, na pumzi yake huweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kaa na vibanzi vya ketoni za mkojo, na upime kila anapougua jambo lolote lingine. Ketoni pamoja na kukataa kula ni safari ya hospitali usiku huo, kwani zinahitaji maji ya mshipani na uangalizi.

Hili linahusu kwa namna ya pekee dawa mpya za kunywa, Bexacat, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2022, na Senvelgo, iliyofuata 2023. Hizi huzifanya figo zitoe sukari kwa mkojo, bila sindano. Hufaa baadhi ya paka ambao bado wana insulini yao ya kutosha, na Bexacat haipewi aliyekwishatibiwa kwa insulini. Hatari yake ni kwamba paka anaweza kupata asidi ya ketoni huku glukomita ikisoma namba nzuri. Kwa anayetumia dawa hizi, ketoni ndiyo namba ya kuangalia, hasa wiki mbili za mwanzo.

Sukari ikikataa kutulia

Anza na mambo madogo: kichupa kimezeeka au kiliganda, bomba silo, mapovu, sindano zinazoishia kwenye manyoya, jirani anayemlisha. Kisha kinywa. Meno mabovu na fizi zenye usaha humzuia paka kuitikia insulini, na baada ya kutibiwa dozi inaweza kuhitaji kushushwa. Maambukizi ya kibofu, kongosho lililovimba na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hufanya vivyo hivyo. Akivuka yuniti 1.5 kwa kilo kwa kila sindano na bado yuko juu, hasa kama ananenepa na uso unapanuka, daktari atachunguza kama kuna uvimbe chini ya ubongo unaomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi.

Asipohitaji insulini tena

Kupona huku hutokea zaidi katika miezi sita ya kwanza, kwa paka aliyeanza kutibiwa mapema, anayekula wanga mdogo. Dalili yake ni namba zinazoshuka kwa dozi ile ile, na ndiyo maana hiki ndicho kipindi cha hatari kubwa ya sukari kushuka. Dozi hupunguzwa kwa hatua mpaka nusu yuniti, kisha huachwa. Akikaa wiki 4 bila insulini na sukari ikiwa ya kawaida, amepona, ingawa kongosho lake limebaki na akiba ndogo. Chakula kibaki kile kile, uzito upimwe kila wiki, sukari kila wiki moja au mbili, na kliniki yoyote atakayopelekwa iambiwe mapema kwamba steroidi hazimfai. Kichupa cha insulini kisitupwe kabla ya tarehe yake.